Ritifaa ya Majina ya Usukuma katika Amri za Kompyuta

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi makosa ya alama yanavyoingia katika maelezo ya kujenga programu za kompyuta, na jinsi ya kuyasahihisha, hasa pale maelezo hayo yanapotaja majina ya Kisukuma na ya Kiswahili yaliyo na ritifaa. Huenda msomaji akauliza jambo hili lina uhusiano gani na uchunguzi wa lugha. Jibu ni kwamba kiini chake ni tahajia. Mwenye kutaka kuondokana na taabu upesi huamua kuifuta ritifaa, na aifutapo huwa ameifuta sauti.

Kwanza yafaa tufahamu amri ni nini. Programu nyingi hutolewa zikiwa bado ni maandishi ya watungaji wake, na pamoja nazo huja maelezo yamwonyeshayo mtumiaji maneno ya kuandika, mstari baada ya mstari, ili maandishi hayo yageuzwe kuwa programu iwezayo kufanya kazi. Maneno hayo ndiyo amri, na programu iyapokeayo huitwa sheli. Sheli haisomi kama asomavyo binadamu. Katika hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, herufi ghaini iliweza kusimama mahali pa sauti zaidi ya moja, na msomaji akaichagua ile ipasayo kwa kufuata maana ya sentensi. Sheli haichagui hivyo. Kwake alama iliyoandikwa ndiyo alama iliyokusudiwa.

Makosa mengi hayatoki kwa mtungaji bali kwa programu ya kuandikia nyaraka, ambayo hupenda kuyapamba maandishi. Vistari viwili vifuatanavyo huvigeuza kuwa deshi moja ndefu, na alama za mtajo zilizonyooka huzipinda. Tuitazame amri hii:

    make -j 4

Kistari kile kinaiambia programu ya make kwamba herufi ifuatayo ni sharti la kazi. Kikigeuzwa kuwa deshi, make haioni sharti tena; hudhani imeagizwa kujenga kitu chenye jina la ajabu, kisha hulalamika kwamba haijui namna ya kukijenga. Mwanafunzi aliyenakili amri kutoka katika ukurasa uliopigwa chapa vizuri hatambui kosa li wapi, kwa kuwa tofauti ya deshi na kistari ni nyembamba mno machoni.

Nafasi tupu nayo ina nguvu yake. Mwaka 2011 hati ya kusimika programu iitwayo Bumblebee, iliyotungwa kwa ajili ya kompyuta za Linux, ilikutwa na nafasi moja iliyozidi ndani ya amri ya kufuta. Badala ya kufuta sehemu ndogo tu iliyo chini ya saraka ya /usr, amri hiyo iliifuta /usr nzima, ambamo hukaa sehemu kubwa ya programu za mfumo.

Sasa tuje katika ritifaa. Tahajia sanifu ya Kiswahili, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, hutumia ritifaa kutenga ng' na ng. Kwa hiyo twaandika ng'oa, yaani kutoa kitu kilichoshikamana na ardhi, na ngoa, yaani tamaa au wivu. Katika Kisukuma mzigo wa alama hiyo ni mkubwa zaidi. Lugha hiyo inazo sauti za puani zisizo ghuna, ambazo Kiswahili hakina, na mojawapo huandikwa ng'h. Tena pale Kiswahili kisemapo mwana, Kisukuma husema ng'wana. Ndiyo sababu majina ya mahali upande wa kusini wa Ziwa Victoria yamejaa ritifaa: mathalan Nyang'hwale, wilaya ya Mkoa wa Geita, na Ng'haya, kata ya Wilaya ya Magu katika Mkoa wa Mwanza.

Bahati mbaya, katika sheli alama ile ile ina kazi nyingine: hufungua na kufunga maneno yanayopaswa kuchukuliwa kama yalivyo. Tuseme mtu aliyeko Mwanza anatengeneza programu ya ramani, na katika maelezo yake anamwagiza msomaji aunde saraka kwa jina la wilaya:

    mkdir Nyang'hwale

Sheli itaona kwamba mtajo umefunguliwa wala haujafungwa. Haitatenda lolote; itaonyesha alama > na kungoja. Kosa hili lina heri, kwa maana laonekana. Lakini tazama yanayotokea majina yakiwa mawili:

    mkdir Nyang'hwale Ng'haya

Hapa ritifaa ya pili inaifunga ile ya kwanza. Sheli hainung'uniki hata kidogo. Inaunda saraka moja tu, nayo inaitwa Nyanghwale Nghaya, yenye nafasi katikati na isiyo na ritifaa yoyote. Wilaya na kata zimekuwa kitu kimoja, na sauti mbili zimepotea, bila onyo.

Liko tokeo la tatu. Ikiwa programu ya kuandikia imekwisha kuipinda ritifaa ikawa ’, sheli huipokea kama herufi ya kawaida na kuunda saraka mbili kama ilivyotakiwa. Lakini hatua ya baadaye ikilitafuta jina lile kwa ritifaa iliyonyooka, haitalipata, maana kwa kompyuta hayo ni majina mawili mbalimbali. Katika orodha ya Unicode ritifaa iliyonyooka ni U+0027, iliyopindwa ni U+2019, na ipo ya tatu, U+02BC, iliyowekwa kwa ajili ya lugha ambamo alama hiyo ni sehemu ya herufi. Mtunga kamusi au faharasa atatambua mara moja hatari ya neno moja kuwa na sura tatu.

Dawa ni hizi. La kwanza, amri itengwe na maelezo ya kawaida kwa umbo ambalo mtambo wa kupiga chapa hauligusi: katika Markdown huzungukwa na vialama vitatu vya `, na katika LaTeX, ambayo hugeuza vistari viwili kuwa deshi, huwekwa katika mazingira ya verbatim. La pili, jina lenye ritifaa lizungushiwe alama za mtajo za jozi, hivi:

    mkdir "Nyang'hwale" "Ng'haya"

La tatu, alama ya $ ambayo sheli huionyesha mwanzoni mwa mstari isinakiliwe pamoja na amri, kwa kuwa sheli itaidhani ni jina la programu. La nne, mradi uchague sura moja ya ritifaa, uitangaze mwanzoni mwa maelezo, na utafute zilizopindwa na deshi kabla ya kutoa chapa. La tano, msahihishaji azijaribu amri kwa kuzinakili kutoka katika ukurasa uliokamilika, wala si kutoka katika mswada, kwa maana uharibifu hutokea katikati ya hivyo viwili.

Wako wasemao kwamba ni rahisi zaidi kuandika Nyanghwale na kumaliza udhia. Kwa mtu mmoja ni rahisi kweli. Lakini jina la saraka huingia katika ramani, jina la ramani huingia katika orodha za shule na zahanati, na baada ya muda mfupi tahajia iliyozaliwa na uvivu huhesabiwa kuwa ndiyo sahihi. Mgeni atakayeisoma atatamka ng ya ngoma mahali ambapo wenyeji hawajapata kuitamka. Jozi moja ya alama za mtajo yatosha kulizuia hilo, na hapana sababu ya Wasukuma kulipa kwa sauti ya lugha yao gharama ambayo mwandishi wa maelezo aweza kuilipa kwa kubonyeza vitufe viwili.