Richard Yates

Richard Yates (3 Februari 1926 – 7 Novemba 1992) alikuwa mwandishi wa riwaya na hadithi fupi kutoka nchi ya Marekani. Anajulikana hasa kwa riwaya yake ya kwanza, Revolutionary Road (1961), inayohusu ndoa ya vijana wawili wanaoishi katika kitongoji nje ya jiji la New York. Wakati wa uhai wake alisifiwa na waandishi wenzake, lakini vitabu vyake viliuzwa kidogo. Sifa yake kwa wasomaji wengi ilikuja baada ya kifo chake.

Maisha ya awali

Yates alizaliwa mjini Yonkers, katika jimbo la New York. Wazazi wake waliachana alipokuwa na umri wa miaka mitatu. Alilelewa na mama yake, aliyekuwa mchongaji wa sanamu, na kwa sababu ya uhaba wa fedha walihamahama mara nyingi. Mama wa namna hiyo, mwenye ndoto kubwa za sanaa na kipato kidogo, anaonekana katika vitabu vyake kadhaa. Alisoma katika shule ya bweni ya Avon Old Farms huko Connecticut, ambayo baadaye ilikuwa msingi wa riwaya ya A Good School.

Mwaka 1944 aliingia jeshini, akapelekwa Ufaransa na Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Baada ya vita hakwenda chuo kikuu. Alifanya kazi katika shirika la habari la United Press, kisha akaandika matangazo ya Remington Rand, kampuni iliyotengeneza mashine za ofisini. Alioa mwaka 1948. Baadaye aliugua kifua kikuu akalazwa katika hospitali ya wanajeshi wa zamani. Malipo ya ulemavu aliyopewa na serikali yalimwezesha kuhamia Ulaya mwaka 1951, ambako aliandika hadithi fupi kwa takriban miaka miwili.

Revolutionary Road

Baada ya vita familia nyingi za Wamarekani weupe wa tabaka la kati zilihamia vitongoji vipya nje ya miji. Wanaume walikwenda kazini mjini kwa treni, na wanawake wengi walibaki nyumbani na watoto. Riwaya inasimulia maisha ya Frank na April Wheeler, wanaoishi hivyo huko Connecticut mwaka 1955. Frank anafanya kazi asiyoipenda katika kampuni ya mashine za ofisini. April alitamani kuwa mwigizaji. Wote wawili wanaamini kwamba wao si kama majirani zao.

April anapendekeza wahamie Paris: yeye atafanya kazi, na Frank atapata nafasi ya kutafuta kipaji chake. Mpango unavunjika April anaposhika mimba ya tatu na Frank anapoahidiwa cheo kikubwa zaidi. Mwishowe April anajaribu kuitoa mimba mwenyewe nyumbani, naye anafariki. Anayewaambia ukweli wazi ni John Givings, mgonjwa wa akili ambaye mama yake ni dalali wa nyumba.

Kitabu hakilaumu kitongoji peke yake. Frank anaogopa safari kuliko anavyoichukia kazi yake, lakini hawezi kulikubali jambo hilo mbele ya mke wake wala moyoni mwake. Kujidanganya kwa namna hiyo ndiyo mada kuu ya Yates. Riwaya hiyo iliingia fainali ya tuzo ya National Book Award mwaka 1962, ikashindwa na The Moviegoer ya Walker Percy.

Kazi za baadaye

Mwaka 1962 alitoa mkusanyo wa hadithi fupi, Eleven Kinds of Loneliness. Mwaka 1963 aliandika hotuba za Robert Kennedy, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani. Alifundisha uandishi katika vyuo vikuu mbalimbali, kikiwemo Chuo Kikuu cha Iowa.

Riwaya ya The Easter Parade (1976) inafuata maisha ya akina dada wawili. Sarah anaolewa na kubaki na mume anayempiga; Emily anasoma, anafanya kazi mjini na kuishi peke yake. Hakuna kati yao anayepata furaha, na mwandishi anamwambia msomaji hivyo tangu mwanzo.

Yates aliathiriwa na ulevi na ugonjwa wa akili, na ndoa zake mbili zilivunjika. Aliendelea kuandika karibu kila siku. Hata hivyo, hakuna kitabu chake kilichouza zaidi ya nakala 12,000 za jalada gumu alipokuwa hai. Jarida la The New Yorker lilikataa hadithi zote alizolitumia. Alifariki mjini Birmingham, Alabama, akiwa na ugonjwa wa mapafu uliotokana na uvutaji wa sigara.

Baada ya kifo

Katika miaka ya 1990 vitabu vyake vingi havikupatikana tena madukani. Mwaka 1999 mwandishi Stewart O'Nan alichapisha makala ndefu akilalamikia hali hiyo, na muda mfupi baadaye vitabu hivyo vilianza kuchapwa upya. Mwaka 2001 The New Yorker lilichapisha hadithi yake The Canal, miaka zaidi ya minane baada ya kifo chake. Mwaka 2008 Sam Mendes aliongoza filamu ya Revolutionary Road, iliyoigizwa na Leonardo DiCaprio na Kate Winslet. Winslet alipata tuzo ya Golden Globe kwa kumwigiza April.

Riwaya zake

Revolutionary Road (1961)
A Special Providence (1969)
Disturbing the Peace (1975)
The Easter Parade (1976)
A Good School (1978)
Young Hearts Crying (1984)
Cold Spring Harbor (1986)

Mikusanyo ya hadithi fupi

Eleven Kinds of Loneliness (1962)
Liars in Love (1981)
The Collected Stories of Richard Yates (2001)