Filamu zaonyesha visiwa vikizama, biashara yaachwa nje ya picha

Ukitazama filamu ya makala iitwayo Anote's Ark, iliyotoka mwaka 2018, utaiona Kiribati kama nchi inayofungasha virago. Anote Tong, aliyekuwa Rais wa nchi hiyo, anazunguka dunia akiomba taifa lake la Pasifiki lisikilizwe. Mama wa watoto sita anahamia New Zealand kutafuta maisha. Yote ni kweli. Lakini ukiwa mtu wa kuuza na kununua, utabaki na swali: hawa watu wanaishi kwa kitu gani?

Wanaishi kwa jodari. Nchi kavu ya Kiribati ni kilomita za mraba 811 tu, ila eneo lake la bahari ni kama milioni 3.5, na meli za kigeni hulipia leseni kuvua humo. Ada hizo ndizo nguzo ya hazina ya serikali. Mchele, unga na mafuta huja kwa meli. Mbata huondoka kwa meli. Wanasayansi wanatabiri kwamba bahari ikizidi joto, jodari wengi wa Pasifiki watasogea mashariki, hadi kwenye maji yasiyo ya nchi yoyote. Hiyo ni hasara unayoweza kuipigia hesabu, lakini kamera hupenda zaidi ukuta uliobomolewa na wimbi.

The Island President ya mwaka 2011 inafanya vizuri kidogo. Inamfuata Rais Mohamed Nasheed wa Maldives hadi mkutano wa Copenhagen wa 2009, na yeyote aliyewahi kubishana bei na tajiri mkubwa akiwa na mtaji mdogo ataielewa. Hata hivyo, habari kubwa ya nchi hiyo ni ya mchanga. Kisiwa cha Hulhumalé kilianza kujengwa mwaka 1997 kwa mchanga ulionyonywa baharini, na tangu 2004 watu wanaishi humo. Leo ni mji wenye maduka na maghorofa.

Ninayoipenda zaidi ni There Once Was an Island ya Briar March, ya 2010, kuhusu Takuu, kisiwa kidogo cha Papua New Guinea. Humo wenyeji wanabishana: wabaki au wahamie Bougainville? Wanasayansi wanaitwa, wanapima, na wanawaeleza kuwa kuta walizojenga kuzuia bahari zimechangia ufukwe kuliwa.

Picha ya kuzama ina gharama. Utafiti uliotolewa 2018 ulionyesha kuwa ardhi ya Tuvalu iliongezeka kwa asilimia 2.9 kati ya 1971 na 2014, mawimbi yakirundika mchanga na matumbawe. Hatari ipo palepale: chumvi inaingia visimani na kwenye mashimo ya magimbi. Wanunuzi wa mpunga wa Pemba wanaijua chumvi hiyo mashambani, na karafuu bado zinapakiwa. Lakini nani atapeleka shehena kwa mkopo mahali alipoambiwa kesho hapatakuwepo?

Mwaka 2014 Kiribati ilinunua zaidi ya ekari 5,000 nchini Fiji. Ulimwengu ukatangaziwa kwamba ni kimbilio la wahamiaji. Serikali iliyofuata ya Kiribati imepanga kulima chakula humo.