Taa za Usiku: Zinavyogusa Mazao na Bili ya Stima

Taa ya mulika mwizi ikisimamishwa sokoni, wafanyabiashara huuza hadi saa tatu usiku na akina mama hutembea bila hofu. Hakuna anayetaka giza lirudi. Lakini kwa mkulima aliyepakana na soko hilo, mistari ya mahindi iliyo karibu na mlingoti huenda ikabaki kijani bila mbelewele wakati ile ya mbali imeshabeba. Wengi hulaumu mbegu au mbolea.

Mimea hupima urefu wa usiku. Ndani ya majani mna kemikali inayohisi mwanga, hasa ule mwekundu. Soya, aina nyingi za mpunga na mahindi yenye asili ya nchi za joto huhitaji usiku mrefu ndipo yachanue kwa wakati. Mwanga ukikatiza giza, mmea huchukulia kuwa usiku ni mfupi, ukaendelea kutoa majani tu. Huko Illinois, Marekani, soya iliyopandwa karibu na taa za barabarani ilionekana kuchelewa kukomaa.

Wakulima wa maua wa Naivasha wanalijua jambo hili vizuri, na hulitumia kwa faida. Krisanthemamu huchanua usiku ukiwa mrefu, kwa hiyo huwashiwa taa katikati ya usiku ili shina lirefuke kwanza. Baadhi ya wakulima huwasha dakika chache na kuzima nyingine chache, wakaokoa umeme, na bado mmea ukadanganyika.

Mipapai nayo huathirika kwa njia nyingine. Nchini Kenya, maua yake huchavushwa sana na nondo wakubwa wanaoruka magharibi ikiingia. Taa nyeupe kali huvuta nondo, wakazunguka balbu badala ya kutembelea maua.

Upande wa gharama, Kenya iko kwenye Ikweta, hivyo usiku huchukua karibu saa 12 mwaka mzima. Taa ya sodiamu ya wati 250 ikiwaka usiku kucha hutumia uniti 3, yaani uniti 1,095 kwa mwaka. Ya LED ya wati 100 hutumia 438. Nyumbani, balbu ya zamani ya wati 100 iliyoachwa langoni hadi asubuhi hula uniti 438 vilevile. Ya LED ya wati 10 hula karibu 44.

Si lazima kuchagua kati ya usalama na mavuno. Taa yenye kifuniko juu, iliyoelekezwa chini barabarani, humulika mtu bila kumulika shamba. Rangi ya manjano husaidia wadudu, ingawa haisaidii mahindi, kwa kuwa ina mwekundu ndani yake. Hapo dawa ni kuukinga mwanga. Taa ya langoni inaweza kuwekewa kifaa kinachoiwasha mtu anapopita. Mkulima aliye karibu na mlingoti anaweza kupanda sukuma wiki sehemu hiyo, zao lisilongoja ua ili livunwe.

Taa za barabarani ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Mkazi anayeona taa inawaka mchana, au inayomulika shamba moja kwa moja, aripoti kwa ofisi ya wadi, akitaja barabara na nambari ya mlingoti ikiwa imeandikwa.