Magongo Yako Yamepimwa kwa Mwili wa Nani?

Keti asubuhi moja kwenye benchi la wagonjwa wa nje katika hospitali yoyote kati ya Kitengela na Kajiado, uwatazame wanaoingia kwa magongo. Wengi ni vijana, na ukiwauliza kilichowapata, utajibiwa kwa neno moja: pikipiki. Sasa usiutazame mguu uliofungwa plasta. Yatazame mabega. Mara nyingi utayaona yameinuka hadi karibu na masikio, shingo imezama katikati kama ya kobe. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba gongo ni refu kuliko mwenyewe.

Chanzo chake si siri. Magongo katika kaunti yetu huzunguka. Aliyepona Kitengela humpa jirani, jirani humpelekea shemeji yake kule Mashuuru, na baada ya miaka miwili mitatu yako mikononi mwa mtu wa nne, mfupi kuliko wote waliotangulia. Kuazimana ni jambo jema na makala haya hayaji kulikomesha. Lakini hata koti la kuazima mtu hulijaribu kwanza mbele ya kioo. Gongo hulichukua na kuondoka nalo.

Nililijua hili kwa mkono wangu mwenyewe. Nilipovunjika kifundo cha mguu, rafiki yangu aliniletea magongo ya alumini yaliyokuwa ya mjomba wake, mtu mrefu sana. Nilishukuru, nikaanza kutembea. Wiki ya pili niliamka nikakuta mgongo wa mkono wa kulia, upande wa kidole gumba, umekufa ganzi. Nikijaribu kuinua kiganja, kinaning'inia. Nikadhani nimepata kiharusi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kabla hata ya kuugusa mkono, alilichukua gongo, akabonyeza vitufe, akalishusha matundu matatu. Aliniambia kuwa siku zote hizo sikuwa nikitembea, nilikuwa nikining'inia. Mkono ulichukua zaidi ya mwezi mmoja kurudi sawa.

Kilichonipata kina maelezo mepesi. Ndani ya kwapa hupita mishipa ya damu pamoja na mishipa ya fahamu inayoshuka hadi kwenye vidole. Mmoja wa mishipa hiyo ya fahamu ndio unaoinua kiganja na kukunjua vidole. Mtu akiuegemeza uzito wake wote kwenye kile kimto cha juu cha gongo, mshipa huo hukandamizwa kila hatua, mamia ya mara kwa siku. Kwanza mkono hutetema na kuchoma kama umelaliwa, kisha huishiwa nguvu. Wengi hupona mkandamizo ukiondolewa, ila huchukua wiki au miezi, na kadiri mtu anavyochelewa ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu. Kwa hiyo ukisikia ganzi usijikaze kiume. Nenda hospitali, na uende na magongo yenyewe.

Kimto cha juu, basi, hakikuwekwa pale ili kukalia. Kazi yake ni kubanwa ubavuni kwa mkono wa juu, gongo lisiyumbe. Uzito wa mwili hubebwa na viganja. Ukilielewa hilo peke yake, mengine yote kuhusu umbo la gongo hujieleza.

Kupima ni kazi ya dakika tano. Vaa viatu unavyotembelea kila siku, kwa sababu soli nene hubadilisha kipimo. Simama wima karibu na ukuta, mabega yakiwa yamelegea, na mtu mwingine awe kando yako. Ncha ya gongo ikae kando ya mguu, kiasi cha sentimita 15 nje ya kidole kidogo na mbele kidogo. Hapo, kati ya kimto na kwapa, vipite vidole viwili au vitatu vikiwa vimelala. Visipopita, gongo ni refu. Kikipita kiganja kizima, ni fupi, nawe utapinda mgongo kama anayetafuta sindano mchangani.

Kisha njoo kwenye kishikio. Acha mkono uning'inie wenyewe: kishikio kiwe sawa na mkunjo wa kifundo cha mkono. Ukikishika, kiwiko kitakunjika kidogo tu. Mkunjo huo mdogo una kazi yake. Kiwiko kikiwa kimenyooka kabisa, misuli ya nyuma ya mkono haina tena nafasi ya kusukuma mwili juu, na kikikunjika mno, misuli hiyo hiyo huchoka kabla hujafika langoni. Anza na urefu wa gongo lote, kisha kishikio. Ukifanya kinyume, utarudia kazi, maana ukilikata au kulishusha gongo kutoka chini, kishikio nacho hushuka.

Hapa ndipo wengi hukosea hata baada ya kuambiwa. Hurekebisha urefu, kishikio hukiacha pale kilipokuwa. Magongo mengi ya mbao yana bolti na nati za masikio zinazofunguliwa kwa vidole. Ya alumini yana vitufe au skrubu. Vyote vinasogea. Hakikisha tu kwamba kila kitufe kimetokeza kikamilifu upande wa pili wa tundu, na kwamba magongo yote mawili yana hesabu sawa ya matundu. Kitufe kilichotokeza nusu hushikilia ukiwa umesimama, kikakuangusha ukiwa katikati ya barabara ya Namanga.

Kishikio chenyewe ndicho sehemu iliyobuniwa vibaya zaidi katika magongo ya bei nafuu. Huwa ni kijiti au bomba jembamba la mviringo, na bomba jembamba huukusanya uzito wa mwili mahali padogo, kwenye shina la kiganja, ambapo pia hupita mishipa ya fahamu. Watengenezaji wazuri siku hizi hufanya vishikio vipana vilivyolala kama kiganja, ili uzito utawanyike. Huna haja ya kununua vipya. Zungushia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, au kitambaa kilichokazwa kwa utepe, hadi kishikio kijae mkononi na vidole vikaribie kukutana na gumba bila kukutana. Kitambaa kifuliwe mara kwa mara, maana jasho na vumbi letu vikichanganyika hukwangua kama msasa. Mahali pa juu nako funga kitambaa laini, ila usikifanye kinene mno, kwa kuwa kila sentimita unayoongeza pale unairefusha tena gongo.

Sasa tushuke chini, kwenye raba.

Ile kofia ndogo ya mpira kwenye ncha ndiyo tairi la gongo, na kama tairi, hulika. Igeuze uitazame: mistari ikiwa imefutika, au upande mmoja umeliwa, au chuma kimeanza kuchungulia, ibadilishe siku hiyo hiyo. Ukinunua nyingine, angalia kama ina washa ya chuma ndani. Isipokuwa nayo, tafuta washa inayoingia humo na uitie kabla ya kuivalisha, kwa sababu bomba likikanyaga mpira mtupu huutoboa kama anayekata keki.

Katika kaunti hii ardhi yenyewe ni nusu ya tatizo. Magongo mengi yanayouzwa yamefikiriwa kwa sakafu ya hospitali, iliyo sawa na kavu. Sisi tuna mchanga wa makorongo upande wa Mashuuru, ambamo ncha nyembamba huzama hadi mtu akaanguka kifudifudi, na tuna udongo mweusi wa nyanda za Kitengela, ambao mvua ikinyesha hushikana na kila kitu. Mchangani husaidia ncha pana. Fundi wa akala anayekata viatu kutoka tairi la gari anaweza kukukatia kisahani cha upana wa kiganja na kukifunga kwa bolti kwenye gongo la mbao. Kisahani hicho kiwe cha kuvaa na kuvua, kwa sababu mpira wa tairi ni mgumu na huteleza juu ya saruji yenye maji. Kwa udongo mweusi sina dawa ya kutoa. Piga hatua fupi, teremsha gongo wima badala ya kulilaza, na beba kijiti cha kukwangulia. Na ukifika benki au zahanati yenye vigae, simama mlangoni ufute ncha kwanza. Raba yenye maji juu ya kigae haina tofauti na sabuni.

Kwa wale watakaomwendea fundi wa mbao au wa chuma, maneno mawili. Gongo la mbao likatwe kutoka chini, kidogo kidogo, sentimita moja kwa wakati, na yote mawili kwa pamoja. Mti ukishakatwa haurudi. Achague mbao kavu isiyo na fundo, na mara kwa mara ukague kama mchwa hawajaingia. Gongo la alumini lisitobolewe tundu jipya wala lisiunganishwe kwa moto wa welding, hata fundi akikuhakikishia. Moto huilegeza alumini pale pale panapohitaji nguvu, na tundu la ziada huwa ndipo litakapokatikia. Bomba la chuma cha kawaida linaungika vizuri, ila ni zito, na uzito huo utaubeba siku nzima.

Na siku hiyo ni ndefu. Kutembea kwa magongo huku mguu mmoja ukiwa hewani huuchosha mwili sana. Umbali ule ule waweza kumla mtu nguvu mara mbili ya anayetembea kwa miguu yake. Familia zikumbuke hilo kabla ya kumwambia mgonjwa kuwa amekuwa mvivu. Kwenye ngazi, kanuni ni moja: ukipanda, mguu mzima hutangulia, ukishuka, magongo na mguu unaouma ndivyo hutangulia. Na ukipanda boda, usiyalaze magongo kukingama njia. Yafunge kando ya pikipiki, yafuate urefu wake.

Yote hayo yanamhusu mwenye kuvunjika, ambaye baada ya miezi ataliweka gongo darini. Kwa anayelitumia maisha yake yote, gongo la kwapani si chaguo bora. Lipo la kiwiko: bomba moja, kishikio, na pete iliyo wazi upande mmoja inayoshika mkono kama vidole viwili chini ya kiwiko. Haligusi kwapa kabisa. Tena ukiachia kishikio, gongo hubaki likining'inia kwenye mkono, nawe unaweza kusalimiana, kulipa kwa simu, au kumshika mbuzi kamba. Ulaya aina hii ndiyo ya kawaida hata kwa mguu uliovunjika. Hudai mikono yenye nguvu na mazoezi ya siku kadhaa, kwa hiyo usibadilishe bila kumwona mtaalamu.

Kwamba vifaa vizuri vyaweza kutengenezwa hapa kwetu si ndoto. Miaka ya 1960, polio ilipokuwa ikilemaza watoto wengi Afrika Mashariki, daktari wa mifupa Ronald Huckstep, aliyefundisha Makerere na kufanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, alianzisha karakana za kutengeneza vyuma vya miguu na vifaa vya kutembelea kwa mali rahisi ya pale pale, badala ya kungoja vya kuagizwa. Mombasa, karakana za Bombolulu za Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo, APDK, zimewaajiri watu wenye ulemavu kwa miongo kadhaa. Na hapa mjini Kajiado kipo kituo cha AIC kinachowalea watoto wenye ulemavu wa viungo.

Watoto, kwa kweli, ndio ninaowahofia zaidi. Gongo lililomfaa Januari halimfai Desemba, na mtoto halalamiki. Hujipinda tu akazoea, na mgongo ukazoea naye. Pima upya kila shule zinapofungwa.

Katika sensa ya mwaka 2019, asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka 5 na zaidi walihesabiwa kuwa na ulemavu, na shida ya kutembea ndiyo iliyotajwa zaidi ya zote. Shirika la Afya Duniani liliyaweka magongo katika orodha yake ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele mwaka 2016. Katiba yetu, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kukabiliana na vikwazo vya hali yake. Kwa mwenye ulemavu wa kudumu, njia ya kuifikia haki hiyo huanza kwa kukaguliwa hospitalini na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo lina hazina ya kusaidia vifaa. Mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji chako anaweza kukueleza pa kuanzia.

Ukienda kupimwa, nenda na magongo yote mawili, viatu unavyotembelea, na mtu wa nyumbani atakayeona inavyofanywa. Na kama una magongo darini ambayo hayana kazi tena, yashushe, futa vumbi, badilisha raba, kisha umpe anayeyahitaji. Siku ya kumpa, chukua dakika tano za kumpima.