Faili Zinapokwama Njiani
Usawazishaji, yaani utaratibu ambao programu hulinganisha faili za kompyuta na nakala zake zilizohifadhiwa mtandaoni ili badiliko la upande mmoja lifike upande wa pili, mara nyingi hukwama kwa sababu nafasi ya mtandaoni imejaa: huduma ya OneDrive hutoa GB 5 bila malipo, na ya Google Drive GB 15 zinazotumiwa pia na barua za Gmail na picha. Nafasi ikiwapo, hukaguliwa iwapo usawazishaji umesitishwa kwa muda katika mipangilio. Hatari kubwa, ambayo wengi hawaijui, ni kwamba faili iliyofutwa ndani ya folda iliyosawazishwa hufutika pia mtandaoni. Kwa hiyo mwenye kompyuta asifute chochote kabla ya kunakili faili zake muhimu kwenye diski ya nje.