Mbio za magari: Mtazamaji anapata nini, na nani anafaidika naye?

Katika teritware ya Banalia, jimbo la Tshopo, hakuna uwanja wa mbio za magari. Kutoka Kisangani kufika Banalia ni kilometa 128 hivi kwa barabara ya taifa namba 4, na anayeendelea upande wa Buta anapaswa kuvuka mto Aruwimi kwa feri. Huko dereva hodari ni yule anayefika bila kukwama kwenye matope. Anayependa Formula 1 anaiangalia kwenye simu ao televisheni. Lakini tangu Rwanda iseme kwamba inataka kupokea mbio hizo, jambo hili linagusa pia Wakongomani.

Kuangalia mbio uwanjani si kama kuangalia mpira. Kwenye mpira unaona kiwanja chote. Kwenye mbio unakaa mahali pamoja, mara nyingi karibu na kona, na magari yanazunguka yakikurudilia. Unasikia makelele mbele ya kuona gari, kisha linapita mara moja. Ili kujua nani anaongoza, unategemea televisheni kubwa za uwanjani na mtangazaji.

Afrika iliwahi kuona hayo. Tarehe 14 Machi 1993, uwanjani Kyalami, kati ya Johannesburg na Pretoria, madereva walipangiwa mizunguko 72, kila mmoja ukipita kidogo kilometa 4. Aliyekaa kwenye kona moja aliweza kumuona mshindi, Mfaransa Alain Prost, akipita mara 72. Tangu siku ile, Formula 1 haijarudi barani kwetu.

Kenya ina mbio za namna nyingine. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 2021 ilirudi katika mashindano ya dunia baada ya miaka 19, na sasa inafanyika zaidi Naivasha, kwenye njia za udongo. Kila gari linaondoka peke yake, dakika chache baada ya lingine. Mtazamaji anaona kwanza vumbi, gari linapita kwa sekunde chache, kisha anangoja lingine.

Hatari ipo pande zote mbili. Mwezi Juni 1955, kule Le Mans, Ufaransa, gari liliruka likaangukia watazamaji, na watu zaidi ya 80 walikufa. Ndiyo maana viwanja vya leo vina kuta, nyavu za chuma na nafasi kubwa kati ya njia na watu. Kwenye rally, kuta hizo hazipo sehemu nyingi. Mtazamaji anapaswa kujilinda: asisimame upande wa nje wa kona, achague mahali pa juu, na asivuke njia wakati magari yanakimbia.

Mwezi Desemba 2024, akiwa Kigali, Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kupokea Formula 1. Mwezi Februari 2025, baada ya M23 kuingia Goma, waziri wa Kongo wa mambo ya kigeni, Thérèse Kayikwamba Wagner, alimwandikia kiongozi wa Formula 1, Stefano Domenicali, akiomba mazungumzo na Rwanda yasimame. Kinshasa inashitaki Rwanda kwamba inaunga mkono M23, Kigali inakana.

Kwa nini kuandika barua juu ya mchezo wakati wa vita? Kwa sababu ya pesa na picha. Kwa kawaida wanaoandaa mbio katika nchi fulani wanalipa Formula 1 ili zifanyike kwao. Wanachotafuta ni wageni, hoteli zilizojaa, na picha za mji wenye amani zinazoonekana dunia nzima. Watu wanaopiga makofi uwanjani ni sehemu ya picha hiyo. Kwa hiyo, mtazamaji ananunua tikiti, na pia sura yake inasaidia kuuza nchi.

Mkaaji wa Banalia anaweza kupenda mbio na bado kuuliza swali hilo. Kwake yeye, kwenda Kigali kwa barabara ni kupita mashariki mwa nchi, ambako vita vimefukuza watu wengi kutoka makwao. Na mbele ya kufika huko, kuna zile kilometa 128 za kwenda Kisangani.