Kikosi cha Wanne au cha Sita

Mtu wa Ziwa, kaunti ya Uasin Gishu, akiamua leo kuanza gemu ya kikosi kwenye kompyuta, atakuta zaidi ya miaka arobaini ya kazi ikimngoja. Gemu ya namna hii haimpi mchezaji shujaa mmoja. Humpa kundi zima: mpiganaji wa upanga, mganga, mchawi, mwizi hodari wa kufungua kufuli, kila mmoja na uwezo wake na udhaifu wake. Chimbuko lake ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa karatasi, penseli na dadu ambao Gary Gygax na Dave Arneson waliuchapisha Marekani mwaka 1974. Mwaka 1981 Andrew Greenberg na Robert Woodhead walitoa Wizardry, ambayo kikosi chake kilikuwa na watu sita. Mwaka 1998 ikaja Baldur's Gate ya BioWare, kampuni ya Kanada iliyoanzishwa na madaktari. Mwaka 2023 Larian, kampuni ya Ubelgiji, ilitoa Baldur's Gate 3, nayo ikatwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka.

Ushauri unaotolewa haraka ni kuchukua hiyo ya mwisho, kwa kuwa ndiyo mpya na ndiyo iliyosifiwa. Kwa mtu wa Ziwa ushauri huo una kasoro, na kasoro hiyo inapimika.

Baldur's Gate 3 inadai nafasi ya gigabaiti 150 kwenye diski. Intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, isiyokatika hata mara moja, itahitaji saa 33 na zaidi kuipakua. Baldur's Gate ya 1998 iliuzwa katika CD tano, yaani kama gigabaiti tatu; kwa kasi ileile, hiyo ni kazi ya dakika 40 hivi. Anayenunua bando kwa siku anaelewa tofauti hiyo bila kufafanuliwa. Hapa inafaa kulijua duka la GOG, lililoanzishwa na kundi la CD Projekt la Poland mwaka 2008: gemu zake hazina kufuli la kidijitali, kwa hiyo mtu anaweza kupakua faili la kusakinisha akiwa mjini Eldoret kwenye mtandao mzuri, akalibeba kwenye diski ya nje hadi nyumbani na kulisakinisha bila intaneti kabisa.

Kisha kuna mashine yenyewe. Laptopu zinazopatikana kwa bei ya kadiri Eldoret mara nyingi ni zile zilizokwisha kutumika ofisini ng'ambo, zile watu wanazoziita ex-UK: zina RAM ya gigabaiti nne au nane, na kazi ya michoro hufanywa na prosesa, bila kadi ya pekee. Kinachozielemea ni namna picha inavyotengenezwa. Katika gemu ya kisasa ya pande tatu, kila ukuta, uso na jani ni rundo la pembetatu, na kompyuta hulazimika kupiga upya hesabu za mwanga na kivuli cha pembetatu hizo mara 30 hadi 60 kila sekunde. Gemu za mwaka 1998 hadi 2002 zilizojengwa kwa injini ya Infinity zilikwepa mzigo huo. Mandhari yake yalichorwa na kompyuta zenye nguvu za studio, yakahifadhiwa kama picha bapa. Laptopu ya mchezaji hubandika picha hiyo na kutembeza vijitu juu yake. Ndiyo maana Baldur's Gate, Planescape: Torment ya 1999 na Icewind Dale ya 2000 bado zinapendeza machoni, na bado zinakwenda vizuri kwenye mashine isiyoweza hata kufungua gemu za leo.

Wako wanaoamini kwamba gemu ya zamu, ambayo kila mmoja husubiri mwenzake amalize, ni nyepesi kwa kompyuta. Si kweli. Mchezaji anapokaa akitafakari, kompyuta inaendelea kuchora picha ileile kwa bidii ileile na feni inaendelea kuvuma. Faida ya zamu iko kwingine: picha ikishuka hadi 15 kwa sekunde, mchezaji hapotezi kitu, kwa sababu hakuna pigo linalotegemea wepesi wa kidole.

Na hapo ndipo penye swali linalostahili kuulizwa kabla ya mengine yote: saa ya mapigano inakwendaje? Katika Wizardry, katika Divinity: Original Sin 2 ya 2017 na katika Baldur's Gate 3, saa husimama hadi mchezaji aamue. Katika Baldur's Gate ya kwanza, saa inatembea. Kila mhusika ana raundi yake ya sekunde sita, zote zikienda kwa pamoja, na mchezaji husitisha pambano kwa kubonyeza kitufe pale anapotaka kutoa amri. Pillars of Eternity ya 2015 ilifuata njia hiyohiyo. Mwendelezo wake wa 2018, Deadfire, uliongezewa hali ya zamu mwaka 2019, na Pathfinder: Wrath of the Righteous ya 2021 humruhusu mchezaji kubadili saa katikati ya safari.

Saikolojia ina la kusema hapa. Mwaka 1956 George Miller aliandika kwamba kumbukumbu ya muda mfupi ya binadamu hubeba vitu saba hivi, kuzidi au kupungua viwili. Mwaka 2001 Nelson Cowan alipitia ushahidi uliokuwa umekusanyika tangu hapo, akaonyesha kwamba mtu akizuiwa kurudiarudia na kuunganisha vitu kichwani, kiwango huwa karibu na vinne. Kikosi cha watu sita chenye saa inayotembea kinavuka mpaka huo hata kabla ya kuwahesabu maadui. Wabunifu wa Baldur's Gate waliweka mipangilio ya kusitisha: gemu hujisimamisha yenyewe, kwa mfano mwenzako akijeruhiwa. Anayeanza na injini ile bila kuwasha mipangilio hiyo anajitesa bure. Kikosi cha wanne kwa zamu, kinyume chake, kinaingia kichwani kikiwa kizima.

Lakini wanne wana hatari yao. Eneo la Eldoret linajua hesabu za vikosi kupitia mbio za nyika. Kenya ilitwaa ubingwa wa dunia wa timu ya wanaume tangu 1986 hadi 2003, mara 18 mfululizo, kwa utaratibu wa kujumlisha nafasi za wakimbiaji wanaohesabiwa. Jumla ndogo ndiyo hushinda. Timu ya wanne iliyoshika nafasi ya 1, 2, 3 na 60 ina pointi 66, na inashindwa na timu isiyo na nyota iliyomaliza ya 8, 10, 12 na 14, yenye 44. Mkimbiaji mmoja akichoka, anaumiza jumla kwa kiasi chake tu.

Vitani hesabu ni kali zaidi. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alionyesha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwamba pale ambapo kila mpiganaji anaweza kumlenga adui yeyote, nguvu ya kikosi hukua kwa mraba wa idadi yake. Mmoja kati ya sita akianguka, nguvu inayobaki ni 25 kwa 36, asilimia 69 hivi. Mmoja kati ya wanne akianguka, inabaki 9 kwa 16, yaani asilimia 56. Kwa hiyo katika gemu za wanne, raundi mbili za kwanza ndizo huamua pambano, na mganga anayeweza kumwinua aliyeanguka ana thamani zaidi kuliko mchawi wa pili. Lanchester pia alieleza hali ya pili: wapiganaji wakikutana mmoja kwa mmoja, kama kwenye mlango mwembamba, mraba hutoweka na idadi hurudi kuwa idadi tu. Kila aliyewahi kumsimamisha mpiganaji wake mwenye ngao mlangoni mwa pango, huku kundi la maadui likisongamana nje, ameitumia kanuni hiyo hata kama hakuwahi kuisikia.

Juu ya haya yote kuna dadu. Gemu zilizotokana na Dungeons & Dragons hutumia dadu ya pande 20, kila uso ukiwa na nafasi ya asilimia 5. Toleo la tano la kanuni, ambalo ndilo msingi wa Baldur's Gate 3, lina faida ya kurusha mara mbili na kuchukua kubwa. Anayehitaji 11 au zaidi hupanda kutoka asilimia 50 hadi 75. Anayehitaji 20 kamili hupanda kutoka 5 hadi 9.75 tu. Hivyo faida hiyo ina uzito mkubwa katikati na mdogo pembeni. Ni bora kuitumia kwenye pigo la mashaka ya kawaida kuliko kuitafutia muujiza.

Wachezaji hulalamika kwamba kompyuta inaiba. Pigo la asilimia 75 likikosa mara tatu mfululizo, hasira hupanda. Nafasi ya jambo hilo ni 1 kwa 64, na katika mapigo 200 litatarajiwa kutokea mara tatu hivi. Amos Tversky na Daniel Kahneman waliandika mwaka 1971 kuhusu kosa hili la akili: mtu hutazamia matukio machache yafanane na wastani wa matukio mengi. Larian waliliheshimu kosa hilo kwa kuweka katika Baldur's Gate 3 dadu zinazozuia mfululizo wa bahati mbaya; anayetaka bahati ya kweli anaweza kuzizima.

Hata hiyo bahati ya kweli kompyuta haina. Inachofanya ni hesabu. Njia mojawapo ya zamani, iliyotokana na wazo la D. H. Lehmer mwishoni mwa miaka ya 1940, inaweza kufanywa kwa penseli: chukua namba, izidishe kwa 5, ongeza 3, gawanya kwa 16 na ubaki na salio. Ukianza na 7, unapata 6, kisha 1, 8, 11, 10, 5, 12, 15, 14, 9, 0, 3, 2, 13, 4, na hatimaye 7 tena. Namba zote 16 zimepita, mpangilio ukionekana kama wa kubahatisha, ilhali anayeijua namba ya kwanza anazijua zote. Gemu hutumia namba kubwa mno, lakini msingi ni uleule. Baadhi, kama XCOM: Enemy Unknown ya 2012, huhifadhi namba hiyo ya kuanzia, iitwayo mbegu, pamoja na sevu, kwa hiyo kurudi nyuma na kurudia pigo lilelile huleta jibu lilelile.

Suala la kusevu lina uzito wake Ziwa. Radi ikipiga alasiri na stima ikapotea, laptopu yenye betri iliyozeeka huzima palepale. Baldur's Gate ya kwanza hairuhusu kusevu katikati ya pambano. Stima ikienda, pambano zima limekwenda. Divinity: Original Sin 2 na Baldur's Gate 3 zinaruhusu. Darkest Dungeon ya 2016, gemu ya kikosi cha wanne kwa zamu, hujisevu yenyewe hatua kwa hatua na inatosheka na RAM ya gigabaiti mbili. Kwa laptopu ya ofisini na umeme usiotabirika, hiyo ni chaguo bora la kuanzia, ingawa ni gemu katili: shujaa aliyekufa harudi.

Anayependa hadithi kuliko vita ana njia nyingine. Planescape: Torment inakadiriwa kuwa na maneno 800,000, na mengi ya mafumbo yake hutatuliwa kwa mazungumzo. Ni gemu ya kusoma, na yote ni Kiingereza kizito chenye lahaja ya mitaani iliyobuniwa. Kiswahili hakimo hata katika orodha ya lugha za Baldur's Gate 3. Hilo ni pengo la kusikitisha kwa lugha yenye utamaduni wa masimulizi kama hii, na haliwezi kufichwa kwa kusema kwamba vijana wanajua Kiingereza.

Afrika imeshaanza kutengeneza gemu zake yenyewe. Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, iliyoasisiwa na Guillaume Olivier Madiba, ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka 2016, hadithi ya mwanamfalme Enzo na mkewe Erine. Mapigano yake ni ya papo kwa papo, si ya zamu. Injini ya Godot, inayotolewa bure pamoja na msimbo wake tangu 2014, huendeshwa hata na laptopu za kadiri. Kanuni za dadu na za zamu ni kazi ambayo mwanafunzi mmoja wa kompyuta anaiweza. Kazi kubwa ni maneno: mganga azungumzeje na mwizi baada ya mwenzao kuanguka, na mzee wa kijiji awajibu nini wanne hao wakifika mlangoni usiku. Hayo yanahitaji waandishi, nao wapo.